Nani Amemaliza Wifi?

Neno la juma hili: Yoshua 22:10-34, 2 Samweli 16:1-4 na 19:24-30, Mithali 18:13 na 17



Kuna swali linaloulizwa kwa sauti ya juu katika nyumba zetu nyingi, hasa kati ya saa moja na saa nne usiku, wakati kila mtu amerudi na kila simu iko hewani. Baba anatazama habari, picha inasimama, kale kaduara kanaanza kuzunguka. Mama yuko kwenye maombi ya Zoom, sauti ya kiongozi inakatika kabla ya amina. Basi mtu anapaza sauti: "Nani amemaliza wifi?"

Ebu tulitazame swali hilo vizuri. Halijauliza wifi ina nini. Limeuliza nani. Kabla hatujajua kosa ni gani, tumeshaanza kumtafuta mkosaji. Na hatumtafuti mbali. Kila nyumba ina mtu wake ambaye lawama humwendea yenyewe: kijana anayependa gemu, dada wa kazi, mgeni, mpwa aliyekuja mjini kusoma.

Nataka tutafakari maswali mawili. Kumlaumu mtu kabla ya kupima ni dhambi, au ni haraka tu ya kibinadamu? Na ikiwa baadaye itaonekana kwamba kweli ni yeye, je, hapo tulikuwa na haki?

Usiseme ni jambo dogo, Pasta anaandika habari za wifi. Anayezoea kulaumu bila kupima kwa sababu ya wifi atafanya vivyo hivyo pesa zikikosekana kwenye droo, hesabu ya chama isipolingana, au ndoa ikiyumba. Mazoezi tunafanyia kwa vitu vidogo. Afadhali basi tujifunze haki kwa kitu ambacho hakuna mtu atakufa kwacho.

Wifi si sukari

Tuanze na neno lenyewe, "kumaliza". Bando ya simu huisha, hiyo ni kweli. Ulinunua kiasi fulani, ukakitumia, kikaisha. Lakini vifurushi vingi vya faiba vya nyumbani vinauzwa kwa kasi, si kwa kipimo cha kuisha. Hakuna mtu aliyeimaliza jinsi sukari inavyomalizwa kwenye kopo. Kinachotokea ni kwamba kasi ile inagawanywa kati ya wanaoitumia kwa wakati mmoja, kama maji ya tangi moja kwenye ploti yenye mifereji mingi. Mmoja akifungua sana, wengine wanapungukiwa. Lakini maji yanaweza pia kupungua kwa sababu bomba limepasuka barabarani, au kwa sababu mfereji wako mwenyewe umeziba.

Jambo la pili: wifi na intaneti si kitu kimoja. Wifi ni ile safari fupi ya mawimbi kutoka kwenye rauta hadi kwenye simu yako. Intaneti inafika kwenye rauta kutoka nje, kwa waya au kwa mnara. Ile alama ya mistari kwenye simu inakuambia jambo moja tu, kwamba simu yako inaisikia rauta vizuri. Haikuambii kama rauta yenyewe inapata kitu kutoka nje. Ndiyo sababu mtu anaweza kuona mistari yote imejaa na bado hakuna ukurasa unaofunguka. Hapo wifi ni nzima. Shida iko mbele zaidi.

Sasa mtu akisema "wifi imeharibika," amesema kitu ambacho kinaweza kuwa na sababu kumi. Ndiyo maana mafundi wazuri wana utaratibu. Wanaanza karibu na kwenda mbali, wanabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na hawatoi hukumu kabla ya kipimo. Nimewatazama wakifanya kazi, na nimeona utaratibu wao uko karibu sana na ule ambao Maandiko yanataka kwa kila hakimu.

Anza karibu

La kwanza, anza na simu iliyo mkononi mwako. Je, shida iko kwenye simu yako peke yake, au kwenye vifaa vyote vya nyumba? Kama simu ya mama inafungua na yako haifungui, rauta haina hatia, na watoto pia hawana. Zima wifi ya simu uiwashe tena. Angalia kama simu imeshika mtandao wa nyumbani kwenu au imeng'ang'ania ule wa duka la jirani. Angalia pia kama simu yako yenyewe ndiyo inayopakia picha na video zote za harusi ya Jumamosi kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni, kimyakimya, huku wewe ukiuliza ni nani.

Bwana Yesu alitufundisha katika Mathayo 7 kwamba mtu atoe kwanza boriti iliyo jichoni mwake, ndipo aone vizuri kutoa kibanzi cha ndugu yake. Wengi tunasoma hapo kama somo la unyenyekevu tu. Ni somo la kuona pia. Anayeanza na kifaa chake mwenyewe anaondoa sababu moja kwa gharama ndogo sana, na bado hajamjeruhi mtu.

La pili, sogea karibu na rauta. Simama hatua mbili kutoka ilipo, ujaribu tena. Kama hapo inafanya vizuri na chumbani inakufa, basi shida ni umbali au vizuizi. Ukuta wa mawe hupunguza mawimbi. Mabati, vioo vikubwa, friji na tangi la samaki huyazuia au kuyameza. Rauta nyingi za siku hizi zina njia mbili: ya gigahezi 2.4, inayopenya kuta vizuri zaidi lakini ina msongamano, na ya gigahezi 5, yenye kasi zaidi lakini haifiki mbali. Maikrowevu ikiwashwa inaweza kuvuruga ile ya 2.4, kwa sababu inafanya kazi karibu na masafa hayo hayo. Na kwenye fleti zetu, ambapo kila mlango una rauta yake, majirani wanazungumza wote juu ya sauti ya mwenzao. Fundi anaweza kuihamisha yako kwenye chaneli ya 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, akachagua iliyo na utulivu.

La tatu, tazama taa za kisanduku. Ukutani au juu ya kabati taa zinatoa ushuhuda, lakini watu wengi hawajawahi kuziuliza. Kwenye kisanduku cha faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga hauingii kutoka nje. Labda ule waya mwembamba umekunjwa nyuma ya kabati, umechomoka, au umekatwa huko nje na watu wanaochimba barabara. Kijana anayetazama YouTube hawezi kuwasha taa hiyo nyekundu hata akitazama usiku kucha. Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Inama, angalia waya.

La nne, kama una laptopu, iunganishe na rauta kwa kebo. Ikifanya vizuri kwa kebo na vibaya hewani, shida ni ya wifi. Ikifanya vibaya hata kwa kebo, shida iko kwenye rauta yenyewe au nje. Usisahau pia kuangalia kama malipo ya mwezi yameingia. Mara ngapi mtu amegombeza nyumba nzima na kumbe tarehe ya malipo ilipita juzi?

Na mwisho kabisa, kuna sababu zilizo mbali kuliko tunavyofikiri. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika katika bahari iliyo upande wa mashariki wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa dhaifu Kenya na nchi jirani. Watu walioketi Kitengela na Kisumu waliona duara likizunguka kwa sababu ya waya uliokatika kwenye sakafu ya bahari. Jiulize ni watoto wangapi waligombezwa siku ile.

Familia moja

Nitasimulia jambo moja kwa ruhusa ya wenyewe, na nimeacha majina.

Mama mmoja alimchukua mtoto wa marehemu dada yake, kijana aliyepata nafasi chuoni hapa mjini. Alikuja mwezi wa kwanza. Kufikia mwezi wa tatu, nyumba ilikuwa haina amani kwa sababu ya wifi. Mzee alikuwa anafanya kazi fulani za ofisi kutoka nyumbani jioni, na kila siku mkutano wake ulikatika. Maneno yakaanza: "Tangu huyu kijana aje." Mwanzoni yalisemwa chumbani. Baadaye yakasemwa mezani, kijana akiwapo. Niliitwa wakati begi lake lilikuwa limeshapangwa, na swali lililoletwa kwangu lilikuwa kama ni dhambi kumrudisha yatima kijijini.

Niliomba kitu kimoja kabla ya kujibu, kwamba fundi aje kwanza. Alikuja kijana wa umri ule ule wa mshtakiwa, akatembea na simu yake sebuleni, jikoni na vyumbani. Kisha akafungua mlango wa kabati jipya la tivii, akaikuta rauta imesukumwa nyuma, kati ya ukuta wa mawe na tivii kubwa. Akauliza, "Hii mliiweka humu lini?"

Hakuna aliyejibu mara moja. Kabati lilinunuliwa mwezi wa kwanza, ule ule aliokuja kijana.

Wakakumbuka na jambo lingine. Mwezi wa pili kijana alikuwa kwenye kongamano la vijana kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, na siku hizo tatu mkutano wa mzee ulikatika vilevile. Kipimo kilikuwa kimeshafanyika, na jibu lilikuwa limeshatoka. Lakini mtu akishajua ni nani, haoni tena ushahidi unaosema siye.

Rauta ikatolewa, ikawekwa juu ya rafu, mahali pa wazi. Chumbani kukawa na mtandao jioni ile ile. Mama akamwomba kijana msamaha, na alifanya vizuri. Kijana akasema, "Ni sawa, Anti." Lakini niliambiwa kwamba kwa muda mrefu baadaye aliendelea kununua bando yake ya shilingi 20. Paswadi alipewa tena. Hakuiweka kwenye simu.

Hicho ndicho kilichonifanya niandike juma hili. Rauta ilirekebishwa kwa dakika kumi. Neno lililosemwa mezani halikurekebishwa kwa dakika kumi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Maandiko yanaonya kuhusu hili kwa habari ya Mfalme Daudi. Alipokuwa anamkimbia Absalomu, Siba alimletea punda, mikate na divai, akamwambia kwamba Mefiboshethi, mtoto wa Yonathani, amebaki Yerusalemu akitumaini kupata ufalme. Daudi alikuwa amechoka na ameumizwa. Hakutuma mtu kuuliza. Palepale akampa Siba mali yote ya Mefiboshethi. Aliporudi, Mefiboshethi akamlaki akiwa hajatunza miguu yake wala ndevu zake, wala hajafua nguo tangu siku mfalme alipoondoka, akaeleza kwamba mtumishi wake alimdanganya. Na Daudi alifanya nini? Aliamua shamba ligawanywe kati yao wawili. Hakimu aliyehukumu kwa haraka, hata upande wa pili ulipofika mbele yake, hakuweza kurudisha yote. Kuna hukumu ambazo ukizitoa mapema, hata ukizifuta, nusu yake inabaki.

Kama kweli ni yeye?

Sasa turudi kwenye swali gumu zaidi. Mtu atasema, "Pasta, umechagua mfano ambao kijana hakuwa na kosa. Lakini wangu ni yeye kweli. Nilimshuku, nikamwambia, na baadaye nikamkuta saa nane usiku anapakua gemu. Nilikosea wapi?"

Nimelifikiria sana. Jibu langu ni kwamba ulipata ukweli, lakini hukutenda haki. Mtu akirusha jiwe gizani likamwangukia mwizi, watu watashangilia. Lakini jiwe halikujua ni mwizi. Angepita jirani anayetoka kazini, lingempata jirani. Kwa hivyo tusipime kitendo kwa jinsi kilivyoangukia. Tukipime kwa jinsi kilivyotoka mkononi. Kama ungesema maneno yale yale hata kama hakuwa na hatia, basi maneno hayo hayakutoka katika ukweli. Yalitoka katika hasira, na ukweli ukatokea kuwa njiani.

Mithali 18:13 inafundisha kwamba anayejibu kabla hajasikia amejipatia upumbavu na aibu. Angalia, haisemi anayejibu vibaya. Hata jibu sahihi, likitolewa kabla ya kusikia, linahesabiwa hivyo. Na amri ya kutomshuhudia jirani uongo inagusa hapa. Shahidi ni mtu anayesema alichokiona. Anayesema asichokiona, akadai anajua, amesimama mahali pa shahidi bila kuwa shahidi, hata kama amebahatisha.

Tuna methali ya Kiswahili isemayo lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wengi wetu tunaitumia kama hukumu: maadamu limesemwa, kuna kitu. Mkristo asiifanye methali hiyo kuwa sheria ya nyumba yake. Lililosemwa linapaswa kwenda kupimwa, na hapo tu ndipo tutajua kama lipo.

Mungu mwenyewe alitupa mfano. Katika Mwanzo 18:20-21, kilio juu ya Sodoma kilipomfikia, Bwana alisema atashuka aone kama wametenda sawasawa na kilio kile. Yeye anajua yote. Hakuhitaji kushuka ili apate habari. Kama asiyehitaji kupima alishuka kuona, sisi tunaokisia kutoka kwenye kochi tuna udhuru gani?

"Lakini huyo ni adui"

Kuna mpendwa mwingine atasema kwamba mkesha wa mtandaoni ukikatika wakati wa maombi, huyo ni adui, na dawa yake ni kukemea. Siwezi kudharau neno hilo. Tunaamini vita vya kiroho, na nimeona Bwana akijibu maombi. Lakini Neno hilo hilo, katika 1 Yohana 4:1, linatuagiza tusiamini kila roho bali tuzipime. Hata mambo ya roho yanapimwa, sembuse waya. Kemea, ndiyo, kisha uangalie kama plagi imeingia. Bwana hataudhika.

Na tukumbuke adui huyo anaitwaje. Neno la Kiyunani linalotafsiriwa Ibilisi lina maana ya mchongezi. Ufunuo 12:10 inamtaja kuwa mshitaki wa ndugu zetu. Kazi yake ni kushitaki. Kwa hivyo rauta ikileta shida na nyumba ikageuka mahakama bila ushahidi, adui hahitaji kukata faiba. Tumeshaifanya kazi yake mezani.

Kuzima na kuwasha

Kuna dawa moja kila mtu anaijua: zima, subiri sekunde 30, washa. Inasaidia mara nyingi kweli, kwa sababu rauta ni kompyuta ndogo, na ikikaa imewaka kwa wiki nyingi inaweza kukwama. Sina neno nayo. Lakini kama unazima na kuwasha kila jioni, hujatengeneza kitu. Umeahirisha. Pengine rauta inapata joto kwa kufungiwa, pengine adapta imechoka, pengine waya umelegea.

Nyumba nyingine zinaishi hivyo. Ugomvi unatokea, mmoja anasema "yaishe," wanalala, asubuhi wanaanza upya. Kesho jioni ni ugomvi ule ule. Kusameheana ni amri. Lakini kusamehe hakukatazi kuuliza kwa nini tunafika hapa kila Alhamisi. Hili ndilo kosa la upande wa pili. Wa kwanza analaumu bila kupima, wa pili hapimi ili asije akalazimika kumwambia mtu ukweli. Wote wawili wamekwepa kuinama.

Nilipokuwa nasomea biashara tulifundishwa njia ya kampuni ya Toyota ya kuuliza "kwa nini" mara tano. Ijaribu kwa ile familia. Kwa nini mkutano unakatika? Mawimbi ni dhaifu. Kwa nini ni dhaifu? Rauta imefungiwa kabatini. Kwa nini iko kabatini? Kebo ilikuwa fupi, haikufika juu ya rafu. Kwa nini haikuongezwa? Hatukumwita fundi. Kwa nini hatukumwita? Pesa zote ziliishia kwenye kabati. Mara tano, na jina la kijana halijatokea. "Nani" ingetufikisha kwa yatima. "Kwa nini" ilitufikisha kwenye kebo.

Na ikipimwa, ikawa ni mtu?

Itatokea. Utapima yote na ukute kweli kijana anapakua usiku, au jirani wa mlango wa pili amepewa paswadi na mtoto na sasa nyumba mbili zinakula malipo yako. Hapo kunyamaza si upendo. Lakini njia ipo. Mathayo 18:15 inasema uende kwake, wewe na yeye peke yenu. Vilevile, karibu kwanza, mbali baadaye. Usianze na grupu la WhatsApp la ploti.

Ukimwendea, mletee ulichokiona: "Nimeona vifaa vyenye jina lako vimeunganishwa usiku, niambie." Halafu nyamaza usikilize. Mithali 18:17 inatukumbusha kwamba wa kwanza kujieleza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje. Pengine kijana alikuwa anapakua masomo saa ambayo wengine wamelala ili asiwasumbue. Nikodemo aliuliza jambo hili hili mbele ya wakuu katika Yohana 7, kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia. Walimkejeli. Lakini hawakumjibu.

Mfano mzuri kuliko yote uko katika Yoshua 22. Makabila ya magharibi mwa Yordani walisikia kwamba ndugu zao wa mashariki wamejenga madhabahu, wakakusanyika Shilo tayari kwa vita. Lakini kabla ya upanga walimtuma Finehasi na wakuu kumi. Walifika na maneno makali, sitaficha. Ila walifika, wakasema usoni kwa ndugu zao, kisha wakasikiliza. Wakaambiwa kwamba madhabahu ile haikuwa ya dhabihu, ilikuwa ushahidi kwa watoto wao kwamba nao ni wa Bwana. Finehasi akaridhika, akarudi, na vita havikutajwa tena. Taifa zima liliokolewa kwa safari moja ya kwenda kuuliza.

Mambo ya kufanya juma hili

Toeni rauta mahali palipofichika, muiweke juu na wazi, katikati ya nyumba ikiwezekana. Mfundisheni kila mtu, pamoja na dada wa kazi, maana ya taa zake. Kubalianeni saa za kupakua vitu vizito.

Na mtandao ukikatika, swali la kwanza nyumbani liwe: "Kwako inashika?" Hilo ni swali la mtu anayetafuta msaada. Linamfanya kijana kuwa shahidi badala ya mshtakiwa, na majibu ya watu wawili watatu yatakuonyesha shida iko wapi.

Kama kuna mtu nyumbani kwako uliyemlaumu na baadaye ukajua siye, usingoje asahau. Mwendee leo, mbele ya wale wale waliosikia ulipomlaumu. Kisha uwe na subira. Paswadi ataiweka siku atakayokuwa tayari.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Katika nyumba yetu, lawama humwendea nani kwanza? Kwa nini yeye?

2. Kuna tofauti gani kati ya kumwuliza mtu na kumshitaki kwa njia ya swali?

3. Soma 1 Samweli 1:12-17. Kuhani Eli alikosea wapi kuhusu Hana, na alijirekebishaje?

Tuombe: Bwana, weka mlinzi kinywani mwetu. Utupe uvumilivu wa kupima na moyo wa kusikia. Ponya kila aliyelaumiwa bure chini ya paa zetu. Katika jina la Yesu, amina.